Mzungu akiunga vipande vya sinema za wenzake ni usasaleo, sisi tukiunga ni wizi?

Mchana Kweupe:
Wakuu, tujadili kwa staha. Juzi nimerudia Kill Bill ile ya kwanza ya 2003. Yule dada anafyeka watu kwa panga kavaa suti ya njano yenye mstari mweusi ubavuni, na yeyote aliyewahi kukalia benchi la kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea mikanda mtaani, anajua ile nguo ni ya nani. Mapigano kayatoa Hong Kong na Japani, muziki kaokota huku na kule, halafu wasomi wakamwita Tarantino, mwongozaji wake, bingwa wa posmodanizimu, yaani huo usasaleo, eti kuchukua kwenyewe ndo sanaa. Sawa. Sasa msanii wetu wa Bongo Fleva akirudia video ya Mmarekani kuanzia gari mpaka miwani, jioni hiyohiyo ni mwizi, picha mbili zimeshabandikwa pamoja zinazunguka kila grupu. Na mtafsiri wa kibandani, yule anayesimulia picha kwa Kiswahili kwenye maiki, aliyelichukua picha la Kichina akaligeuza lake ndo hahesabiki kabisa. Kipimo ni kipi?

Kijukuu cha Pwani:
Kipimo ni kama unataka nijue ulikotoa au unaomba Mungu nisijue. Madonna 1985 kwenye Material Girl kavaa gauni la pinki la Marilyn Monroe wa 1953, ngazi zipo, wanaume wa suti wapo, anataka kabisa umwone Marilyn, usipomwona video imekosa utamu. Hawa wetu ukiiona ya kwanza wameumbuka. Halafu mtafsiri usimtie humu, wale walikuwa wababaishaji tu, Kiingereza chenyewe hawajui, wanadanganya watoto wa uswahilini wapate hela ya sigara.

Teke la Mwisho:
Suti ya njano si ya Enter the Dragon ile? Naikumbuka vizuri kabisa.

Fundi Deki:
Unakumbuka vibaya kabisa. Ni Game of Death. Bruce Lee mwenye suti yake kafariki 1973, picha limetoka 1978, wakaokoteza vipande alivyoacha na sehemu kubwa wakajazia watu wanaofanana naye.

Mpwa wa Mtafsiri:
Kijukuu, mababaishaji ni nyie mnaojua sinema kwa kusoma maelezo nyuma ya kasha. Mjomba wangu alikuwa mtafsiri, kanilea kwa kazi hiyo. Mkanda ukija anaangalia mara mbili usiku na daftari la mistari mikubwa, anaandika nani ni nani, nani kamuua baba wa nani. Majina anawapa ya mtaani kwetu ili watu wasipotee. Jambazi mkuu alimwita jina la mwenye nyumba wetu, kibanda kizima kikawa kinashangilia anavyopigwa. Sasa hiyo Game of Death mnayoitaja, steringi anabadilika sura kila dakika kwa kuwa si yeye, mara miwani myeusi mikubwa, mara ndevu. Mjomba anasema kwenye maiki, "Anaumwa macho huyu, daktari kamkataza jua." Kuna sehemu wamebandika picha ya uso wa Bruce kwenye kioo, karatasi kabisa inaonekana, yeye bila kupepesa: "Hapo kavimba uso, jana alilala na hasira." Watu chali. Niambie huo ni udanganyifu au ni utunzi.

Kijukuu cha Pwani:
Umejibu mwenyewe. Filamu inasema hivi yeye anasema vile. Hiyo kwetu inaitwa uongo.

Mwalimu wa Zamu:
Ndugu zangu, hilo ndilo wanaloliita usasaleo. Mwandishi si mwenye neno la mwisho, maana inatengenezwa na anayepokea. Ila tutofautishe kudhihaki na kuiga tu. Jameson, mhakiki wa Kimarekani, alisema zama hizi watu wanavaa mitindo ya waliopita kama barakoa, bila ile kejeli ya

Teke la Mwisho:
Usasaleo ndo nini, kuna usasajana?

Mwalimu wa Zamu:
Kijana, niache nimalize.

Mtoto wa Kayole:
Huku Kenya hiyo debate iliisha kitambo, DJ Afro, mtafsiri wetu wa filamu, akiingia hakuna mtu anauliza director ni nani. Filamu ni ya Hollywood lakini ukitoa hiyo sauti hakuna mtu wa mtaa ataiangalia. Na Waganda wamewapita wote, ile Who Killed Captain Alex ya 2010 kutoka Wakaliga hapo Kampala, VJ Emmie, msimuliaji wao, anaongea ndani ya filamu yenyewe, anaisifu, anaicheka, anakuambia kaa chapchap mambo yanakuja. Hiyo si makosa bana, hiyo ndio filamu.

Mchana Kweupe:
Asante mkuu, ndo ninachosema. Sasa turudi kwenye video za muziki,

Kijukuu cha Pwani:
Mpwa hajanijibu. Mjomba wako alijua Kiingereza, ndiyo au hapana?

Mpwa wa Mtafsiri:
Kidogo. Kichina hakujua hata kimoja. Na bado ulilipa kiingilio ukakaa mpaka mwisho, kwa hiyo nani mjinga hapo?

Bi Mkubwa wa Mtoni:
Wanangu punguzeni moto. Sisi wanawake tulikuwa hatuingii humo ndani, tunasikilizia nje tukikaanga maandazi. Mimi Bruce Lee nimemjua kwa sauti ya mtafsiri, sura yake nimeiona nina watoto wawili, na nikaona mbona mfupi.

Fundi Deki:
Shikamoo mama. Hapo umetuweza.

Teke la Mwisho:
Mpwa, kibanda cha mjomba wako kilikuwa Mtoni, pembeni ya mashine ya kusaga, mlango wa gunia?

Mpwa wa Mtafsiri:
Ndicho. Kwani vipi?

Teke la Mwisho:
Namdai shilingi hamsini. Umeme ulikatika steringi anapanda ngazi kwenda kwa yule jitu mrefu mweusi wa gorofa ya juu, na hela hakurudisha, akasema mwisho atatusimulia kesho. Kesho yake akasimulia mwisho wa picha lingine.

Mpwa wa Mtafsiri:
Ulikuwa mwisho mzuri lakini?

Teke la Mwisho:
Ulikuwa mzuri sana aisee.