Kaptula nyeupe, na beki wangu hajarudi. Nifanye nini?

Kocha_wa_Katuba
Salamu bamama na bapapa. Ninafundisha mpira wasichana wa miaka 12 hadi 16 hapa Katuba, Lubumbashi. Nina miaka 29, sijaoa, na timu haina mwanamke mkubwa hata mmoja.

Jumamosi mbili zilizopita tulicheza na timu ya mtaa wa jirani. Kipindi cha kwanza, beki wangu wa kushoto, mtoto wa miaka 14, akasimama ghafla katikati ya uwanja kama mtu aliyesahau njia. Nikampigia kelele: "Rudi nyuma!" Akavuta jezi chini kwa mikono miwili, akatoka mbio hadi nje. Nilielewa pale vijana waliokaa juu ya ukuta walipoanza kucheka. Kaptula zetu ni nyeupe, na damu ya mwezi ilionekana. Mfadhili alizileta mwaka jana, tukampigia makofi.

Tangu siku hiyo hajaonekana. Nimepitia daftari la mahudhurio nikaona karibu kila msichana hupotea siku mbili tatu kila mwezi. Wakirudi nilikuwa nikiwapa adhabu, mizunguko mitano ya uwanja. Sasa naona haya.

Niende kwao nyumbani? Na je, nianze kuandika tarehe za kila mmoja, nijue nani nisimchoshe? Nasikia timu kubwa za Ulaya hufanya hivyo.

Mama_Mapacha
Kocha, usiende peke yako! Kijana ukibisha hodi kumwulizia binti wa watu mambo ya mwezi, jioni mtaa mzima una hadithi nyingine kabisa. Tafuta mama wa mchezaji mmoja, yeye aende kuongea na mama mwenzake. Wewe tuma salamu tu kwamba nafasi yake ipo na hakuna adhabu.

Kaptula hizo wape wavulana. Timu ya wanawake ya Uingereza iliacha kaptula nyeupe mwaka 2023, ikachukua za bluu, kwa sababu hiyo hiyo unayoisema. Hata Wimbledon, ambako nyeupe ni sheria, mwaka huo waliruhusu wanawake kuvaa kaptula nyeusi ndani ya sketi. Wale wazee wa tenisi wamelegea, Katuba inangoja nini?

Shabiki_Kamalondo
Mimi naunga mkono daftari. Chelsea walianza kupanga mazoezi ya wanawake kufuata mzunguko wa kila mchezaji. Na hapa kwetu tusijidharau: wanawake wa Mazembe walichukua kombe la klabu bingwa Afrika Novemba 2024, goli moja kwa bila dhidi ya AS FAR ya Morocco. Kombe halikuja kwa kukaa nyumbani siku tano kila mwezi.

Yaya_Mado
Shabiki, taratibu. Chelsea wana madaktari, na wachezaji wale ni watu wazima. Hapa tunazungumzia watoto na daftari linalosahauliwa juu ya benchi.

Nilicheza mpira miaka sita. Kocha wetu alikuwa akituuliza mbele ya wote, "Nani yuko mwezini leo?" Akicheka. Nilidanganya miaka mitatu, nikicheza na tumbo limejikunja na vitambaa viwili ndani ya chupi. Wengine waliacha kabisa. Na wako makocha, tunawajua, ambao tarehe kama hizo wangezitumia kwa mambo mabaya.

Kwa hiyo kocha, usiandike. Kila msichana aweke alama yake mwenyewe kwenye kalenda ya shule. Kilichotusaidia sisi baadaye kilikuwa mfuko mmoja tu. Ndani kotex (pedi), chupi safi, kaptula nyeusi mbili, sabuni, mifuko ya plastiki na kidumu cha maji pembeni. Mfuko ulikuwa kwa nahodha, na sheria ilikuwa moja: unaenda, unachukua, hakuna anayeuliza. Kocha alichofanya ni kuujaza. Halafu angalia choo cha uwanja wenu. Kama mlango haufungi, anzia hapo kabla ya kotex.

Papa_Sheta
Lakini kuruka-ruka siku zile si kunaharibu kizazi? Ndivyo wazee walivyotufundisha.

Muuguzi_wa_zamu
Hapana papa, hakuharibu chochote. Bibi yangu naye alitukataza kutia chumvi kwenye mboga siku hizo, na mboga ya watu wengine haijawahi kumuua mtu.

Kocha, kwa umri huo usitegemee tarehe hata ukiziandika. Miaka ya mwanzo mzunguko unaweza kuwa siku 21, unaweza kuwa 45. Damu hutoka siku mbili hadi saba. Maumivu yanatokana na tumbo la uzazi kujikaza, na kwa wengine mbio nyepesi huyapunguza. Mwingine hataweza hata kusimama, na huyo apumzike bila kutoa maelezo. Dawa za maumivu kama ibuprofeni humezwa baada ya kula, na anayempa mtoto ni mzazi, wala si wewe kocha.

Wa kupelekwa kituo cha afya ni huyu: anayelowanisha kotex kila saa moja au mbili, anayetoka damu zaidi ya siku saba, aliyefika miaka 15 bila kuona mwezi, au aliyekuwa akiuona kisha ukakatika miezi mitatu. Huyo wa mwisho makocha humsifu: mwembamba, anakimbia sana. Mara nyingi chakula anachokula hakitoshi kwa mazoezi anayofanya, na mifupa yake inalipa. Bukari (ugali), maharagwe, sombe (kisamvu) na ndakala (dagaa) ale ashibe. Chai aingoje kidogo, ikifuatana na chakula inazuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Mwalimu_Ruashi
Kocha, mie niko mwalimu. Batu banasema kotex, kotex, lakini batoto bengi banatumikisha bipande ya kikwembe, na ile haiko mubaya. Mubaya njo kuificha. Mu mwezi wa kumi na mbili mvula inanyesha kila siku, mutoto anafua, anaogopa kuanika inje juu baba ataona, anaweka chini ya matela. Inabakia na bubichi, kisha anaanza kuwashwa. Minabaambiaka: fua na maji ya baridi na sabuni, anika mu jua. Jua ikikosa, piga pasi ya makala.

Kocha_wa_Katuba
Asanteni sana. Mama wa golikipa alienda Jumanne. Binti alikuja jana, hakuvaa jezi, alikaa karibu na mfuko kama mlinzi wake. Sikumwuliza kitu. Mwishoni alipiga danadana na wenzake.

Adhabu ya mizunguko nimeifuta, nikawaambia nilikosea. Walicheka, sijui kwa nini.

Kaptula sikugawa, nilijaribu kuzipaka rangi nyeusi ya sokoni ndani ya sufuria ya mama yangu. Hazikushika, zimekuwa kijivu chenye madoa, na sufuria ndiyo imekuwa nyeusi. Kuna anayejua rangi inayoshika nailoni?

Mama_Mapacha
Ile ni ya pamba, mwanangu. Nunua kaptula. Na sufuria.