Mjadala: Tiba ya jeni ya uziwi inakuja. Mtoto aisubiri bila lugha ya alama?

Wakuu, hili jambo limenikaa rohoni.

Katika kikao cha wazazi wenye watoto viziwi nimesikia pande mbili zikivutana. Baba mmoja alisema uziwi wa kurithi sasa unatibika, kwa hiyo kumfundisha mtoto alama ni kumkatia tamaa mapema. Kijana kiziwi akamjibu, kupitia mkalimani, kwamba anayetaka kuufuta uziwi anataka kuwafuta viziwi. Mimi naona utafiti uendelee, tena kwa nguvu. Ila mtoto apewe alama leo.

Kwanza tuone uziwi wa kurithi unavyotokea. Seli za mwili hazikai kila moja kivyake. Nyingi zina vijitundu vya kupitishiana vitu na jirani. Kila seli hutoa nusu ya kijitundu, iliyojengwa kwa protini sita ziitwazo konexini, na nusu mbili zikigusana njia inafunguka: chumvi, sukari na ujumbe wa kikemikali vinapita moja kwa moja. Ndani ya sikio, aina mojawapo, konexini 26, iko kwenye seli saidizi zinazozilea zile seli zenye vinywele tunazosikia kwazo. Jeni inayotoa maelekezo ya kuijenga inaitwa GJB2. Mtoto akiirithi ikiwa mbovu kwa baba na kwa mama, njia hizo hazifanyi kazi na sikio linashindwa. Hili limejulikana tangu 1997, na katika nchi nyingi ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya uziwi wa kurithi.

Matumaini yapo, sibishi. Mwaka 2024 madaktari wa Shanghai walitangaza matokeo ya watoto sita waliozaliwa viziwi kwa hitilafu ya jeni nyingine, OTOF, inayoiwezesha seli ya sikio kupeleka ishara kwenye mshipa wa fahamu. Walidungwa jeni hiyo isiyo na hitilafu ndani ya sikio, na watano wakaanza kusikia. Nilisoma habari ile mara tatu.

Lakini OTOF si GJB2. Kwenye OTOF sikio lenyewe limejengeka vizuri, kinachokosekana ni ule upelekaji wa ishara. Kwa konexini 26, majaribio ya panya yameonyesha kwamba ikikosekana mapema, sikio la ndani halikui sawasawa na seli zinakufa. Sikio la binadamu nalo hukomaa tangu tumboni, kwa hiyo huenda siku mtoto anapogunduliwa muda wa kuokoa umeshapita. Isitoshe jeni lazima ifike kwenye seli saidizi, maana ikiingia kwenye seli zenye vinywele, ambazo kwa kawaida hazina konexini hiyo, inaweza kuzidhuru. Anayemwambia mzazi "subiri kidogo" kwa GJB2 anamdanganya.

Na sisi huku tunasubiri nini hasa? Watafiti waliopima watoto viziwi wa Kenya na Sudan walikuta hitilafu za GJB2 ni chache sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayozuilika: homa ya uti wa mgongo, rubela, manjano ya kichanga, sikio linalotoa usaha mpaka ngoma inatoboka. Chanjo na matone ya sikio havisubiri maabara ya Shanghai.

Mdogo wangu alipoteza usikivu baada ya homa kali akiwa na mwaka mmoja. Mpaka anafikisha miaka saba hakuwa na lugha yoyote. Akiumwa tumbo alikuwa analipiga kwa ngumi huku analia, na sisi tunadhani ana njaa tunampakulia uji. Akapelekwa shule ya viziwi. Likizo ya kwanza alirudi, akamshika mama mkono, akamwonyesha: tumbo, kuuma, jana, usiku. Mama hakuelewa ile alama ya "jana" mpaka akarudia mara ya nne. Miaka saba mtoto yule hakuwa na namna ya kutuambia habari za jana. Hakuna sindano ya kuirudisha.

Sasa nimgeukie yule kijana kiziwi wa kwenye kikao, maana hofu yake haitoki hewani. Kule Ghana kuna kijiji cha Adamorobe, ambako GJB2 mbovu imerithiwa vizazi na vizazi. Kina lugha yake ya alama, na hata wanaosikia wengi wanaitumia. Mwaka 1975 chifu alipiga marufuku viziwi kuoana wao kwa wao ili wasizae viziwi. Ule ulikuwa uonevu, na kiziwi anayeukumbuka ana haki ya kushtuka akisikia neno "kutokomeza". Lakini, ndugu yangu, kutafuta dawa ya mtoto hakumzuii mtu kuoa wala kuzungumza kwa mikono yake. Uonevu unaanza pale fedha za walimu wa alama zinapokatwa kwa kisingizio kwamba dawa inakuja.

Naomba wenye watoto viziwi waanze. Mtoto wenu alianza alama akiwa na umri gani, na ninyi wazazi nani aliwafundisha? Na anayeona nimekosea kuhusu kusubiri, aseme: angesubiri hadi mtoto afike miaka mingapi?