Mrejesho: Nipige safari ngapi za boda ili nibaki na 8,000?

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza nipige safari ngapi kwa siku ili nikishatoa hesabu ya bosi (10,000) na mafuta, nibaki na angalau 8,000. Mlionishauri niweke x (idadi ya safari) badala ya kukisia, asanteni sana. Nauli yangu ya kawaida ni 1,500, mafuta kama 400 kwa safari, hivyo 1,100x ≥ 18,000. Inakuja 16.36, yaani safari 17, maana 16 zinaleta 17,600 tu na nusu abiria hapandi boda.

Kilichonishtua ni punguzo. Nikikubali buku (1,000), inakuwa 600x ≥ 18,000: safari 30! Siku hizi anayeng'ang'ania buku namwachia mwingine, labda awe jirani.