Lambo letu la kupunga upepo: lifungwe au lisifungwe?

Mkaazi wa Kisauni: Assalaam aleikum jamaa. Wakaguzi wameliweka lile lambo letu la juu kwenye daraja la hatari kubwa. Naona lifungwe kabla ya mvua za mwaka: mashua zisimame, na viazi karai vya Jumapili chini ya mikilifi, yaani miarobaini, vikome. Na vijana wa mashua wasitupigie kelele, wao waangalia mifuko yao tu.

Nahodha: Mifuko yetu? Mtoto alipoteleza majini mwaka jana, nani alijitosa? Wewe ulikuwa ukingoni umeshika simu. Niombe radhi kwanza, mengine baadaye.

Bi Mkubwa wa Bamburi: Wanangu, acheni mifuko. Mwasahau Solai kule Nakuru, Mei 2018? Bwawa la shamba la mtu lilipasuka usiku, watu zaidi ya 40 wakafa. Na Mai Mahiu, 2024, bwawa vilevile.

Mwalimu: Shikamoo Bi Mkubwa. Solai ni kweli. Mai Mahiu mwanzo walisema bwawa, halafu Wizara ya Maji ikaeleza kuwa maji yalijaa nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya chini kuziba. Na hili daraja la hatari walilotupa wakaguzi tulielewe. Halisemi tuta limeoza. Lasema likipasuka litamdhuru nani. Lambo lilipochimbwa, huko chini kulikuwa na mihogo na minazi. Leo kuna nyumba na madrasa. Tuta ni lile lile, sisi ndio tuliohamia bondeni. Mkimfukuza mla viazi, aliyelala bondeni mmemwokoa na nini?

Nahodha: Haya, mmesikia. Si mashua.

Fundi wa Matuta: Mie nimejenga matuta ya udongo Kwale na Taita. Kinachonitisha ni ile mikilifi juu ya tuta. Mzizi ukifa huoza, hubaki tundu, na maji hupita humo yakibeba udongo kidogo kidogo. Aliyeipanda hakujua alifanyalo.

Mjukuu: Aliyeipanda ni babu yangu, Mungu amrehemu. Mwenyewe alilichimba lambo hilo kwa jembe pamoja na wenzake, ng'ombe wakanywa, na nyinyi mkapata pa kukaa. Leo ndio hakujua?

Fundi wa Matuta: Marehemu sikumtukana. Nimesema mizizi.

Mjukuu: Umesema hakujua alifanyalo. Rudi usome.

Bi Mkubwa wa Bamburi: Na mkilifi ni dawa. Mimi nimelea watoto kwa majani yake, homa ikashuka. Mti kama huo haukatwi ovyo.

Fundi wa Matuta: Ovyo ndiyo hatari, Bi Mkubwa. Ukikata shina ukaacha kisiki, mizizi yaozea ndani na hali inakuwa mbaya zaidi. Ing'olewe yote, shimo lijazwe udongo wa mfinyanzi, ushindiliwe tabaka kwa tabaka. Tena kiangazi, si lambo likiwa limejaa.

Mjukuu: Hakuna atakayeng'oa. Tutakutana hapo hapo.

Mkaazi wa Kisauni: Jamani, mimi niliuliza habari ya kufunga.

Jirani wa Bondeni: Nalala chini ya hilo tuta na watoto wanne, na mnagombania miti. Nani ameweka magunia ya mchanga kwenye njia ya kupunguzia maji?

Nahodha: Ni sisi. Maji yalishuka, mashua zikawa zinakwama kwenye tope.

Mwalimu: Basi yatoke. Ile njia ndiyo pumzi ya lambo. Ikizibwa, mvua kubwa itayapitisha maji juu ya tuta, na udongo haustahimili hilo, hukatika mara moja. Mwaikumbuka Novemba 2023, mvua ilivyotufanya.

Jirani wa Bondeni: Mimi sitaki kuombwa radhi na mtu. Nataka magunia yatoke.

Nahodha: Kesho baada ya alfajiri niko pale na vijana wangu. Mjukuu, njoo na toroli.

Mjukuu: Kwa magunia nitakuja. Fundi akitokea na shoka, narudi nyumbani na toroli langu.