Neno "amenable" linatumikaje?

Muuliza swali:
Wakuu habari zenu, kuna hili neno la Kiingereza "amenable" linanichanganya. Nimelikuta kwenye barua ya kikazi, "the committee is amenable to changes", kamusi inaniambia ni "-tiifu", sasa kamati inamtii nani hapo?? Na "willing" na "cooperative" zenyewe zinatofautianaje nalo, maana naona kama ni yale yale tu. Mwenye ufahamu anisaidie.

Jibu 1:
Mkuu hapo achana na utii. Amenable ni mtu asiye mbishi, ukimpelekea wazo anakusikiliza na yuko radhi kulikubali. Kwa hiyo hiyo kamati haina kipingamizi na mabadiliko ila bado haijayapitisha, usianze kushangilia 😂. Cooperative ni yule ambaye tayari anatoa ushirikiano, mfano shahidi anayejibu kila anachoulizwa na polisi. Willing ni mwenye hiari, huyo anaweza kujitolea mwenyewe hata kabla hajaombwa, wakati amenable mara nyingi kuna jambo kaletewa na mtu mwingine.

Jibu 2:
Naongezea, linafuatwa na "to", sio "for" wala "with", halafu baada ya hapo weka nomino au kitenzi chenye -ing, "she is amenable to meeting on Friday". Wapo wanaosema "amenable to meet" lakini kwenye barua rasmi bora uikwepe, hapo tumia willing. Matamshi ni a-MII-nabo, Marekani utasikia pia a-ME-nabo.

Jibu 3:
Tena sio watu tu jamani. Ugonjwa ukiwa "amenable to treatment" maana yake unatibika, unakubali dawa. Kwenye sheria sasa ndio kuna maana yake kongwe, ya tangu karne ya 16, "amenable to the law" yaani sheria inakuhusu na unaweza kuwajibishwa. Asili yake Kifaransa, "amener", kumleta au kumwongoza mtu mahali, kwa hiyo ni kama mtu anayeweza kuletwa mbele ya sheria.

Muuliza swali:
Shukrani sana wakuu. Kwa hiyo mtiifu ni compliant?

Jibu 1:
Naam, huyo anafuata masharti hata kama moyoni hataki. Ila chunga usije ukaandika "amiable" ukidhani ndio hilo hilo, amiable ni mtu mkunjufu, anaweza akakuchekea vizuri kabisa na ombi lako akalikataa.