Tupeane uzoefu: makosa ya barua pepe kazini na mitego tuliyoyategea

Mleta mada

Wakuu, salaam. Majuzi nilimtumia mteja bei zetu, kumbe huko chini ya ujumbe uleule kulikuwa na mabishano yetu ya ndani kuhusu punguzo la mwisho tunaloweza kumkubalia. Akajibu mstari mmoja tu: "Nachukua ile ya chini." Miguu ikaniisha nguvu. Bosi hakusema neno, na ule ukimya wake ndio ulioniua kabisa.

Tangu siku hiyo nimeweka kanuni kwenye Outlook, programu yangu ya barua pepe: kila barua ninayotuma inazuiliwa dakika 2 kabla ya kuondoka. Ukiingia kwenye kanuni za barua zinazotoka utakuta sehemu ya kuahirisha, inakubali mpaka dakika 120. Nimeacha upenyo mmoja: nikiiwekea barua alama ya umuhimu mkubwa, inaondoka papo hapo. Mbona makosa hayaonekani mpaka ukishabonyeza Tuma? Nyie mmejitegea nini?

Karani Mzoefu

Mimi natumia Gmail. Ile Tendua, ya kuzuia barua uliyotoka kuituma, huja ikiwa imewekwa sekunde 5, ambazo hazitoshi hata kusema "Mungu wangu". Nimeingia kwenye mipangilio nikaipandisha hadi 30, mwisho wake hapo. Imeshaniokoa mara nyingi, hasa kwenye majina ya watu.

Bi Viambatisho

Jina langu linajieleza. Kuna siku niliandika "tafadhali pokea kiambatisho" mara tatu kwa mtu mmoja, na mara zote tatu hakuna faili. Ya tatu ilikuwa ya kuomba radhi kwa zile mbili.

Gmail na Outlook zina onyo la kukumbusha faili, ila mimi naandika Kiswahili na onyo halijawahi kunitokea. Kijana wa ofisini akaniandikia mistari michache ya VBA, lugha ya kuipa Outlook maagizo ya ziada: nikibonyeza Tuma, inatafuta "ambatish" na "ambatan" ndani ya barua, na kama hakuna faili inaniuliza. Siku ya kwanza haikuuliza chochote! Tukakuna vichwa mchana mzima. Kumbe nembo iliyo kwenye saini yangu nayo inahesabiwa kuwa faili, kwa hiyo kila barua yangu ilionekana ina kiambatisho. Akaiambia isihesabu picha ndogo. Ikaanza tabia nyingine: kila nikijibu mtu inanipigia kelele, kwa sababu neno lenyewe limo kwenye barua ya zamani iliyonukuliwa chini. Sasa inasoma maneno mapya tu. Tahadhari: hii inafanya kazi kwenye Outlook ile ya zamani, Outlook mpya ya Windows haikubali VBA.

Mzee wa Safuwima

Hayo yenu madogo. Mimi nilituma mialiko kwa watu 84 kutoka kwenye jedwali, nikiwa nimepanga safuwima ya majina kwa alfabeti na kusahau ile ya anwani. Kila mtu akapokea barua nzuri yenye jina la mwenzake. Mama mmoja akanijibu, "Huyo siye mimi, ila namfahamu, nimpe?"

Sasa natuma kwa script ya Google, yaani programu fupi inayosoma jedwali na kutuma barua yenyewe, na nimeibana. Seli ya jina ikiwa tupu, inasimama. Safu 3 za kwanza zinakuja kwangu nizisome. Na kila akitumiwa mtu, inaandika "imetumwa" pembeni ya jina lake. Hilo la mwisho msilidharau: akaunti ya kawaida ina kikomo cha wapokeaji 100 kwa siku, na ikikatika katikati bila alama hujui nani kapata, nani bado.

Mgeni wa Jumatatu

Vipi kuhusu ile ya Outlook ya kuurudisha ujumbe ulioshatumwa? Wengine wanaisifu.

Karani Mzoefu

Achana nayo, mkuu. Inaweza kufaa mkiwa wote ndani ya taasisi moja. Mtu wa nje anabaki na barua yako, na juu yake anaweza kuona taarifa kwamba unataka kuirudisha. Hata kama hakuwa na mpango wa kuisoma, hapo ataisoma.

Chujio Kali

Mimi nilijikaanga mwenyewe. Niliweka kichujio kinachopeleka kando kila barua yenye neno "taarifa", nipumue kidogo. Wiki tatu nikawa sioni kitu kutoka utawala. Siku hizi chujio langu linabandika lebo tu, halihamishi.

Mgeni wa Jumatatu

Mleta mada, ukizima kompyuta kabla dakika 2 hazijaisha inakuwaje?

Mleta mada

Hapo umenigusa kidonda. Inabaki palepale mpaka uwashe tena. Ijumaa jioni nilituma ripoti, nikafunga haraka nikaondoka. Iliondoka Jumatatu asubuhi, na ilikuwa inatakiwa Jumamosi. Sasa nakaa naikodolea macho folda ya zinazotoka mpaka iwe tupu, ndipo nanyanyuka.