Bosi wa Secret Service kuachia ngazi, ni uwajibikaji au ni kuzima kesi?

Wakuu, kila tukiongelea uwajibikaji lazima atokee mtu wa kututolea mfano wa Marekani, eti kule bosi akiboronga anaondoka mwenyewe, na siku hizi anayetajwa ni Kimberly Cheatle, aliyekuwa mkurugenzi wa Secret Service, kile kikosi kinachomlinda rais. Mimi nabisha.

Tarehe 13 Julai 2024 pale Butler, Pennsylvania, dogo wa miaka 20 kapanda paa na bunduki, kama mita 130 tu toka alipokuwa anahutubia Trump. Polisi wa hapo walishamtilia shaka mapema, mpaka picha walimpiga wakatumiana, ila wao na walinzi kila mtu na kituo chake cha mawasiliano, taarifa zikaishia njiani. Askari mmoja akanyanyuliwa na mwenzake achungulie juu, jamaa akamgeuzia mtutu, askari akaachia akadondoka chini, muda si muda risasi nane. Mtu mmoja akafa, wawili majeruhi, Trump sikio.

Kuulizwa na TV kwa nini paa halikuwa na mlinzi, Cheatle akasema lina mteremko, si salama. Mteremko! Na wadunguzi wao siku hiyo hiyo walikuwa juu ya paa la mteremko nyuma ya jukwaa. Tarehe 22 bungeni akasema lawama ni zake, ila maswali ya maana akayapiga chenga mpaka Comer wa Republican na Raskin wa Democrat, watu ambao hawaivi chungu kimoja, wakasaini barua moja ya kumtaka aondoke. Kesho yake kaondoka.

Mnaosema "si kaondoka, mnataka nini tena", kwani yeye ndo alikagua lile eneo? Wa chini yake sita walisimamishwa siku 10 hadi 42 bila mshahara, na hilo limekuja kujulikana mwaka mzima baadae. Wa kufukuzwa hamna.

Na wanaotaka bosi asiguswe nao wasome ya 1963. Kennedy kauawa, mkurugenzi James Rowley kakaa kitini mpaka 1973, na walinzi waliokuwa wanakunywa usiku wa kuamkia tukio hakuwaadhibu, akaiambia tume iliyochunguza mauaji hayo kwamba angewapa adhabu wangebandikwa lawama ya kifo cha rais. Kulindana kabisa yani.

Mimi ningetaka Cheatle ataje kwanza nani aliliacha lile paa wazi, ndo aende. Anayebisha aje na jibu moja la maana alilotoa Cheatle siku ile bungeni.